Namna ya Kulinganisha Ufashisti na Ukomunisti kama Tawala za Kiimla

Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaijua imla. Mwalimu husoma sentensi kwa sauti, wanafunzi huiandika kama walivyoisikia, na hakuna anayeuliza kwa nini sentensi ni ile na si nyingine. Neno hilohilo ndilo tulilolitwaa kuuita utawala usioulizwa: utawala wa imla, au wa kiimla. Ni jina linalofaa, ila anayetaka kulinganisha ufashisti na ukomunisti aanze kwa kuona mahali linapopungukiwa. Dikteta wa kawaida hutosheka watu wakinyamaza na kuandika wanachosomewa. Tawala zinazozungumziwa hapa zilitaka zaidi: zilitaka mwanafunzi aipende ile sentensi, aikariri nyumbani, amfundishe mdogo wake, na amshtaki mwenzake aliyeonekana kuiandika shingo upande.

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa historia wa kidato cha tano na sita au wa chuo, na kwa msomaji yeyote anayetaka kulifanya zoezi hili pasipo kuanguka katika ushabiki. Unachohitaji ni nchi mbili au tatu, miaka inayojulikana, maswali machache yanayoulizwa pande zote kwa maneno yaleyale, na uvumilivu wa kukubali kwamba majibu hayatalingana.

Chagua nchi na miaka kabla ya kuandika chochote

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ninaposahihisha insha ni la mtu kulinganisha maneno mawili badala ya tawala mbili. Ukomunisti ni itikadi iliyoanza kuandikwa katikati ya karne ya 19; ilibebwa na vyama vilivyotawala na vingine vingi ambavyo havikuwahi kushika hata halmashauri ya mji. Ufashisti nao ni jina ambalo watu wamelitupa huku na huko hadi likawa tusi la kumrushia yeyote mwenye amri nyingi. Ukiyalinganisha maneno yenyewe utajikuta unalinganisha ahadi za upande mmoja na matendo ya upande mwingine, na hapo mshindi amekwisha kupangwa kabla ya mchezo.

Kwa hiyo funga milango mapema. Kwa upande wa ukomunisti chukua Umoja wa Kisovieti kuanzia 1929, Stalin alipokuwa amewashinda wapinzani wake ndani ya chama na kuanza kuwaingiza wakulima katika mashamba ya pamoja kwa nguvu, hadi kifo chake Machi 1953. Miaka hiyo si ya kubahatisha. Kati ya 1921 na 1928 nchi hiyohiyo, chini ya chama hichohicho, ilimruhusu mkulima kuuza nafaka yake sokoni na mfanyabiashara mdogo kufungua duka. Na katika miaka ya 1970 chama kilikuwa bado ni kimoja, lakini mtu hakuamka usiku kusikiliza kama gari lililosimama nje limekuja kumchukua yeye au jirani. Kwa upande wa ufashisti chukua Ujerumani kuanzia 30 Januari 1933 hadi Mei 1945, kisha umweke kando shahidi wa tatu, Italia ya 1922 hadi 1943.

Italia ni lazima iwepo, kwa sababu jina ni lake. Mussolini aliunda kundi lake la kifashisti mjini Milan tarehe 23 Machi 1919, na hata neno la kuuita utawala unaomeza kila kitu (kwa Kiitaliano totalitario) lilitoka huko: Giovanni Amendola, mwanasiasa wa upinzani, alilitumia mwaka 1923 kwa kulaumu, na miaka miwili baadaye Mussolini akalivaa kama nishani, akitangaza kwamba kila kitu kiwe ndani ya dola, pasiwe na kitu nje ya dola, wala kitu dhidi ya dola. Amendola alifariki mwaka 1926, baada ya kupigwa na wafuasi wa mtu aliyemnyang'anya neno. Hata hivyo, nchi iliyolizaa neno ndiyo iliyolitimiza kwa uchache kuliko zote tatu. Italia ilibaki na mfalme aliyekuwa na mamlaka ya kumfukuza waziri mkuu, na ilibaki na Papa, ambaye Mussolini alilazimika kutia naye saini mapatano Februari 1929. Shahidi wa namna hii ni wa thamani, maana anakuzuia kudhani kwamba kila kilichotokea Berlin ni tabia ya ufashisti wote.

Utakutana pia na wanahistoria wanaokataa kuwaita Wanazi, yaani chama cha Hitler kilichoitawala Ujerumani, mafashisti, wakisema kwamba suala la damu na mbari, ambalo kwa Hitler lilikuwa kiini cha mambo yote, kwa Mussolini lilichelewa, hasa mpaka sheria za mbari za 1938. Si lazima uumalize mzozo huo. Amua upande wako, umwambie msomaji kwa sentensi moja, uendelee.

Chukua kipimo kimoja, kisha ukikague

Kipimo kinachotumika zaidi ni cha wanazuoni wa siasa Carl Friedrich na Zbigniew Brzezinski, waliotaja mwaka 1956 alama sita za utawala wa kiimla: itikadi inayodai kueleza kila jambo, chama kimoja kinachoongozwa na mtu mmoja, polisi wanaotawala kwa hofu, habari zote mikononi mwa chama, silaha zote mikononi mwa chama, na uchumi unaoelekezwa kutoka kituo kimoja. Miaka mitano kabla yao mwanafalsafa Hannah Arendt alikuwa amelichimba suala hilo kwa njia nyingine, akiutazama ugaidi wa dola kuwa moyo wa tawala hizi na si chombo chake tu. Naye aliona kwamba ni Ujerumani ya Hitler na Urusi ya Stalin zilizofika huko hasa, si Italia.

Kikague kipimo kabla ya kukitumia. Kiliandikwa Marekani wakati wa Vita Baridi, wakati ambapo ilifaa sana kisiasa kumweka adui wa jana na adui wa leo katika kapu moja. Hilo halikifanyi kuwa cha uongo. Linakudai tu usikitumie kama muhuri. Igeuze kila alama iwe swali. Badala ya kuandika kwamba nchi zote mbili zilikuwa na itikadi, uliza: itikadi hiyo ilimwahidi nani nini, na nani hakuwa na nafasi ndani yake hata kama angetaka? Alama ya silaha unaweza kuiacha bila hasara, kwa maana kila dola, hata ile iliyo ya kidemokrasia, hutaka silaha ziwe mikononi mwake. Ya uchumi itakusumbua, na ni vizuri ikusumbue.

Uliza swali moja, ulijibu pande zote mbili

Anza na namna walivyoingia madarakani, kwa sababu mengi ya baadaye yanatoka hapo. Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, waliteka madaraka kwa silaha mwaka 1917. Katika uchaguzi wa bunge la katiba walipata takriban robo ya kura, na bunge hilo lilipokutana Januari 1918 wakalivunja baada ya kikao kimoja. Kisha wakapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo havikuacha jeshi, mahakama wala wizara ya zamani ikiwa imesimama. Mussolini na Hitler waliingia kwa mlango wa mbele. Mfalme alimwita wa kwanza Oktoba 1922, huku wanamgambo wake wakielekea Roma. Rais Hindenburg alimteua wa pili kuwa kansela Januari 1933, na siku hiyo ndani ya baraza zima la mawaziri Wanazi walikuwa watatu tu, yeye akiwamo.

Hapa inafaa kusimama na kukitazama kikao kimoja kwa karibu. Tarehe 23 Machi 1933 bunge la Ujerumani lilikutana katika jumba la opera mjini Berlin, kwa sababu jengo lake lilikuwa limeungua mwezi uliotangulia. Mswada uliokuwa mezani ulikuwa na vifungu vitano, na kiini chake ni kwamba serikali iweze kutunga sheria bila bunge, hata zile zinazokiuka katiba. Theluthi mbili zilihitajika. Wabunge 81 wa chama cha kikomunisti hawakuwapo: wengine walikuwa wamekamatwa, wengine wamejificha, wengine wamekimbia. Wanamgambo wa Hitler, wakiwa katika sare, walijipanga ukumbini na nje. Chama cha Wakatoliki kiliunga mkono. Walioukataa mswada ni wabunge 94, wote wa chama cha Social Democrats, na msemaji wao Otto Wels ndiye pekee aliyesimama kuupinga. Kufikia 14 Julai mwaka huohuo sheria ilikwisha kutangaza kwamba chama halali ni kimoja. Bunge lilijifuta kwa kura, kwa utaratibu, kumbukumbu zikiandikwa.

Ukishaliona hilo, tofauti ya kwanza inajiandika yenyewe. Mafashisti waliirithi dola ikiwa nzima, pamoja na mahakimu wake, makarani wake, majenerali wake na wenye viwanda wake, wakajipenyeza ndani yake. Wabolsheviki waliibomoa na kujenga nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo, katika swali la uchumi, kampuni ya Krupp ilibaki mali ya familia ya Krupp, ikipokea maagizo ya silaha na faida yake, ilhali katika Umoja wa Kisovieti hata duka la mshona viatu lilikuwa la kutiliwa shaka. Usidhani, hata hivyo, kwamba soko lilikuwa huru Ujerumani: tangu 1936, chini ya mpango wa miaka minne aliokabidhiwa Göring, waziri wa Hitler, dola ndiyo iliyoamua chuma kiende wapi na mshahara usipande kiasi gani.

Mfanyakazi wa kawaida ndiye anayeonyesha vizuri jinsi njia mbili tofauti zilivyofika karibu na kijiji kimoja. Hitler aliifanya Mei Mosi ya 1933 kuwa sikukuu yenye malipo, akawahutubia wafanyakazi kwa kishindo, na kesho yake, tarehe 2 Mei, watu wake wakavamia ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuwakamata viongozi. Italia ilikuwa imepiga marufuku migomo tangu 1926. Katika nchi iliyojiita dola ya wafanyakazi, vyama vyao vilikuwapo lakini vikiwa idara za chama tawala, na sheria ya Juni 1940 ikafanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Ahadi zilikuwa kinyume kabisa. Mtu wa kiwandani, pande zote, hakuweza kugoma.

Dini na familia unaweza kuvipitia kwa haraka zaidi. Mussolini na Hitler walitia saini mapatano na Kanisa Katoliki, 1929 na 1933, kisha wakalibana polepole. Stalin alililipua kanisa kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow mwezi Desemba 1931. Kuhusu wanawake itikadi zilipingana, huku mmoja akihimizwa kurudi jikoni na kuzaa na mwingine akihimizwa kuendesha trekta, lakini mwaka 1936 Umoja wa Kisovieti nao ulipiga marufuku utoaji mimba kwa sababu dola ilitaka watoto.

Kaa kwa muda mrefu kwenye swali la adui

Kama una nafasi ya kujibu swali moja tu kwa kina, lijibu hili: nani alihesabiwa kuwa adui, na je, kulikuwa na njia ya kutoka kwenye orodha?

Katika Ujerumani adui mkuu alizaliwa akiwa adui. Sheria za Nuremberg zilitangazwa 15 Septemba 1935, na kanuni zilizotolewa Novemba zikaeleza Myahudi ni nani kwa kuhesabu mababu na mabibi: mwenye watatu au wanne Wayahudi alikuwa Myahudi, awe anasali sinagogi, awe amebatizwa, awe hana dini kabisa. Tazama jambo moja linalopita haraka katika vitabu vingi. Sheria ilidai kupima damu, lakini hakukuwa na kipimo cha damu. Karani alitafuta kumbukumbu za ndoa na ubatizo ili ajue babu alikuwa wa jumuiya gani ya dini. Sayansi waliyoitangaza ilisimama juu ya daftari la parokia. Mtu aliyepatikana upande mbaya wa daftari hilo hakuwa na la kutubu wala la kujifunza. Njia ile ilianza kwa kunyang'anywa uraia na kazi, ikaishia kwenye mauaji ya kimbari ya Wayahudi wapatao milioni 6.

Katika Umoja wa Kisovieti adui alielezwa kwa tabaka, na kwa nadharia tabaka hubadilika: mtoto wa bwanyenye angeweza kuwa fundi mwema wa ujamaa. Kwa vitendo, asili ya mtu iliandikwa kwenye fomu na kumfuata. Kulaki, yaani mkulima aliyehesabiwa kuwa tajiri, mara nyingi kwa kuwa na ng'ombe wawili watatu au kibarua mmoja wakati wa mavuno, alinyang'anywa mali na kuhamishwa na familia yake nzima, na jina hilo lilimng'ang'ania hata alipokuwa hana tena ng'ombe wala shamba. Kisha, tarehe 30 Julai 1937, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alitia saini amri nambari 00447. Ukitaka kuelewa hofu ya wakati ule, isome amri hiyo kama unavyosoma bajeti. Iligawa watu katika fungu la kwanza, la kupigwa risasi, na fungu la pili, la kupelekwa kambini kwa miaka minane hadi kumi, na kila mkoa ukapewa idadi yake kabla ya mtu yeyote kukamatwa. Mkoa wa Moscow ulipangiwa watu 5,000 wa fungu la kwanza na 30,000 wa fungu la pili. Kesi zilisikilizwa na watu watatu, mshtakiwa mwenyewe asiwepo. Wakuu wa mikoa walituma maombi ya kuongezewa idadi, na wakaongezewa, kama meneja anayeomba kuvuka lengo la mpango wa miaka mitano.

Hapo ndipo tofauti kubwa ninayoiona mimi, na wengine wanaweza kuipinga. Ujerumani ya Hitler ilikuwa na ukuta: Mjerumani aliyekubalika kwa damu, asiye mgonjwa wa akili wala mlemavu, asiyejiingiza katika siasa na asiyekuwa shoga, aliweza kujua kwa kiasi kikubwa kwamba mlango wake hautagongwa usiku. Katika Urusi ya 1937 ukuta huo haukuwapo, na waliokuwa karibu zaidi na jiko ndio walioungua zaidi. Kwa hesabu aliyoitoa Khrushchev, kiongozi wa chama baada ya Stalin, mwaka 1956, kati ya wajumbe na wajumbe wa akiba 139 wa Kamati Kuu ya chama waliochaguliwa 1934, watu 98 walikamatwa na kuuawa. Hitler, alipowageukia watu wake mwenyewe usiku wa 30 Juni 1934, aliwaua wasiopungua 85, kisha akaacha. Yezhov naye alipigwa risasi mwaka 1940, na picha yake ikafutwa pale alipokuwa amesimama kando ya Stalin.

Mwanafunzi asisahau jirani. Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, haikuwa na macho kila pembe kama inavyosimuliwa. Askari wake walikuwa wachache kulinganisha na idadi ya watu, na sehemu kubwa ya kazi ililetwa mlangoni na wananchi, mmoja akimshtaki mwenye nyumba, mwingine akimshtaki mume. Urusi barua za namna hiyo zilifurika vilevile. Ugomvi wa jikoni la pamoja ulipata njia ya kufika kwa polisi wa siri, na chumba cha aliyechukuliwa kilipata mpangaji mpya.

Zishike takwimu kwa mikono miwili

Vifo huhesabiwa kwa mafungu, na kila fungu lina ushahidi wa aina yake. Kumbukumbu za polisi wa Kisovieti, zilizofunguliwa baada ya dola hiyo kuvunjika, zinataja watu 681,692 waliohukumiwa kifo kwa makosa ya kisiasa mwaka 1937 na 1938. Kambi na makoloni ya Gulag, mtandao wa Kisovieti wa kazi za kulazimishwa, yalipitiwa na watu wapatao milioni 18, na vifo vilivyoandikwa humo vinazidi milioni 1.5. Njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, hasa Ukraine na Kazakhstan, wakati dola ikiendelea kuchukua nafaka na sheria ya Agosti 1932 ikimfunga, na wakati mwingine kumuua, aliyeokota masuke ya shamba la pamoja. Hao wa njaa usiwaweke kwenye safu moja na waliopigwa risasi bila kueleza, kwa sababu wanahistoria bado wanabishana kuhusu nia: wengi Ukraine wanayaita mauaji ya kimbari, na wengine wanaona ni ukatili wa sera uliowaangukia wakulima wa mataifa mengi.

Kwa upande wa Ujerumani usiishie kwenye kambi. Sehemu kubwa ya Wayahudi wa mashariki waliuawa kwa risasi kando ya mashimo, na wafungwa wa vita wa Kisovieti wapatao milioni 3 walikufa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, wengi kwa njaa iliyopangwa. Kisha jizuie kufanya lile ambalo kila msomaji anatamani ufanye, yaani kujumlisha safu mbili na kumtangaza mbaya zaidi. Vyumba vya gesi vya kambi ya Wanazi ya Treblinka, Poland, vilijengwa kwa kazi moja tu, ya kuua kila aliyeshushwa kwenye treni. Kambi za Gulag za Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi, zilijengwa kuchimba dhahabu, na kifo cha mchimbaji kilihesabiwa kama hasara inayovumilika. Maelezo ya tofauti hiyo yana kazi zaidi katika insha kuliko jumla yoyote.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni kukopa maana kutoka kwa upande mmoja wa ugomvi. Kwa miaka kadhaa baada ya 1928 wakomunisti wa kimataifa waliwaita hata Social Democrats mafashisti, kosa lililowafanya wapigane na jirani wakati mwizi akivunja dirisha. Na mwaka 1935 wakaueleza ufashisti kuwa udikteta wa mabepari wakubwa wa fedha, maelezo yasiyotueleza kwa nini wakulima wadogo na makarani waliupigia kura. Vivyo hivyo, mafashisti walijieleza kuwa ngome ya kuizuia Moscow, mpaka 23 Agosti 1939 walipotia saini na Moscow mkataba wa kugawana Poland.

Mtego wa pili unatuhusu. Msomaji wa Tanzania aliyeishi kabla ya 1992, au wa Kenya kabla ya 1991, atasoma maneno "chama kimoja" na kudhani anajua habari yote. Chama kimoja peke yake hakitoshi. Katika uchaguzi wa Tanzania wa 1965 wagombea wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, na baadhi ya mawaziri wakaangushwa na wapiga kura. Jambo hilo halikuwezekana Moscow. Lakini usiitumie tofauti hiyo kufuta mengine: kulikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi tangu 1962, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, nyumba nyingine zikichomwa nyuma yao. Anayetaka kuyalinganisha mambo hayo na mashamba ya Stalin anaruhusiwa, ila akumbuke kusema pia yasiyokuwapo, yaani kufutwa kwa tabaka zima la wakulima na njaa ya mamilioni.

Mtego wa tatu ni Ethiopia, na ni mtamu kwa sababu inaonekana kama maabara tayari. Nchi moja ilitawaliwa na Italia ya kifashisti kuanzia 1936 hadi 1941, ilipotolewa na majeshi ambayo askari wa KAR (jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) wanaozungumza Kiswahili walikuwa miongoni mwao, na baadaye, kuanzia 1974 hadi 1991, ikatawaliwa na Derg, baraza la wanajeshi lililojiita la Kimarx na kuua maelfu katika Ugaidi Mwekundu wa 1977 na 1978. Tatizo ni kwamba Italia haikutaka Waethiopia wawe mafashisti. Iliwataka wawe watawaliwa, ikawapiga kwa gesi ya sumu, ikawaua kwa maelfu Addis Ababa Februari 1937, na miezi miwili baadaye ikakataza kwa sheria Mwitaliano kuishi kinyumba na mwanamke wa Kiafrika. Huo ni ukoloni, ambao ufashisti uliukoleza. Derg ilitaka mtu ahudhurie mikutano ya kebele, yaani ya mtaa wake, na kukariri maneno. Ukiyalinganisha mawili hayo kana kwamba ni ndugu, umepoteza kipimo chako.

Unapoketi kuandika

Panga insha kwa maswali, si kwa nchi. Kurasa tatu za Ujerumani zikifuatwa na kurasa tatu za Urusi ni historia mbili zilizobanwa kwa pini moja. Epuka pia jedwali la safu mbili ambalo wanafunzi wangu wanalipenda, kwa sababu jedwali hulazimisha kila kisanduku kijazwe hata pale ambapo jibu la kweli ni kwamba swali halikuhusu upande ule.

Aya dhaifu huwa hivi: "Ufashisti ulikuwa na chama kimoja, na ukomunisti pia ulikuwa na chama kimoja. Ufashisti ulikuwa na polisi wa siri, na ukomunisti pia ulikuwa na polisi wa siri." Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna maarifa. Iandike upya ukiwa na sababu mkononi: "Tawala zote mbili ziliweka chama juu ya dola. Chama cha Hitler, hata hivyo, kiliikuta dola imesimama, kikaingia ndani ya mahakama na wizara zilizokuwapo. Chama cha Bolsheviki kilijenga dola yake chenyewe, na ndiyo maana Stalin alipoamua kuisafisha dola mwaka 1937 alikuwa anakisafisha chama." Katika aya ya pili kufanana kumetajwa kwa sentensi moja, tofauti imefuata, na tofauti hiyo imeeleza tukio ambalo msomaji alikuwa analishangaa.

Swali la mwisho la kuuliza ni namna kila utawala ulivyoachana na kiongozi wake, kwa kuwa hapo ndipo unapoonekana ulikuwa umemeza kiasi gani. Tarehe 25 Julai 1943, baada ya baraza kuu la chama chake mwenyewe kupiga kura dhidi yake, Mussolini alikwenda kumwona mfalme, akaambiwa kazi yake imekwisha, na akaondolewa pale kwa gari la wagonjwa. Hitler alijiua 30 Aprili 1945, na dola yake ikamfuata ndani ya siku nane. Stalin alipatwa na kiharusi katika nyumba yake nje ya Moscow mwanzoni mwa Machi 1953, akalala sakafuni kwa saa nyingi, kwa sababu walinzi waliokuwa nje ya mlango hawakuthubutu kuufungua bila kuitwa.